Mwanao akikuuliza, ‘Umewahi kunidanganya?’

Mzazi mwenzangu, swali hilo niliulizwa Jumapili iliyopita, jikoni, mikono yangu ikiwa imejaa unga wa chapati. Aliyeniuliza ni binti yangu mkubwa, mwenye miaka 13. Hakuuliza kwa ukali. Aliegemea mlango, ameshika kitabu alichoazimwa na rafiki yake, kidole kimoja kikiwa katikati ya kurasa ili asipoteze alipofikia.

Nilifanya tunavyofanya wengi wetu. Nilicheka kwanza, kisha nikamwambia, “Mimi? Nikudanganye nini?”

Akanitazama kidogo. Akasema, “Haya, Mama,” akaenda zake.

Ile “haya” ndiyo iliyonisumbua. Chapati mbili ziliungua nikiiwaza. Usiku, alipolala, nikakichukua kile kitabu pale mezani. Nilidhani nitasoma kurasa chache tu nijue mtoto anasoma nini. Nilikimaliza saa nane usiku, na usingizi haukuja mpaka alfajiri.

Leo nataka tukizungumze kitabu hicho, kwa sababu watoto wetu wa umri huu watakutana nacho au na vingine vya aina yake, na kwa sababu kilinigusa mahali ambapo sikutarajia kuguswa.

Mahali pasipo na kilio

Kitabu kinaitwa The Giver, yaani Mtoaji. Kimeandikwa na Lois Lowry, mwandishi wa Marekani, na kilitoka mwaka 1993. Mwaka uliofuata kilipata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo. Kilitangulia miaka mingi kabla ya The Hunger Games (2008) na Divergent (2011), ambazo vijana wengi wamezijua kupitia sinema. Zote ni riwaya za ukoo mmoja: zinasimulia dunia ya baadaye ambayo watawala wameipanga kwa ustadi, lakini ukichungulia ndani unakuta kuna kitu kimeoza.

Mhusika mkuu ni Jonas, mvulana anayekaribia miaka 12. Katika jumuiya yao hakuna njaa, hakuna vita, hakuna anayepaza sauti. Wazee wa baraza ndio wanaoamua nani aishi na nani. Kila familia hupewa watoto wawili, wa kiume na wa kike, waliozaliwa na wanawake waliopangiwa kazi hiyo. Mtoto akifika miaka minane hunyang’anywa mdoli anaolala nao. Akifika tisa hupewa baiskeli. Akifika 12 hutangaziwa kazi atakayoifanya. Jioni familia huketi pamoja, kila mmoja akaeleza alichohisi siku hiyo. Asubuhi kila mmoja hueleza alichoota.

Kiri nawe, mzazi: kuna kitu hapo unakitamani. Mimi nilikitamani. Familia inayokaa mezani kila jioni bila simu, watoto wanaoomba radhi bila kusukumwa, wala hakuna anayewaza ada ya muhula ujao. Mwandishi anajua kwamba tutatamani, ndiyo maana anaanzia hapo.

Siku ya sherehe, wenzake Jonas wanapewa kazi zao. Yeye anapewa ya peke yake: atakuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu. Jumuiya hii, ili ipate utulivu wake, ilikwisha kuacha rangi, theluji, vilima, muziki na kumbukumbu zote za watu wa zamani. Kumbukumbu hizo amebebeshwa mzee mmoja tu, ili baraza likikwama limwendee kwa ushauri. Sasa mzee amechoka na anatakiwa kumrithisha mtoto. Humlaza Jonas kifudifudi, humwekea viganja mgongoni, na kumpitishia kumbukumbu moja baada ya nyingine. Ndipo anapopata jina la Mtoaji.

Tufaha, kigari na neno laini

Mwalimu wa fasihi angekwambia kitabu hiki kimejaa ishara. Usiogope neno hilo. Ishara ni kitu cha kawaida ambacho mwandishi anakirudia mpaka kinabeba maana kubwa kuliko umbo lake. Hapa zipo nyingi, nami nitakutajia zile zilizonikaa.

Ya kwanza ni tufaha. Jonas anarushiana tufaha na rafiki yake Asher, na likiwa hewani linabadilika kwa kitambo kidogo, kisha linarudi kuwa kama mwanzo. Analipeleka nyumbani, analitazama kwa kioo cha kukuzia, haoni kitu. Baadaye kipaza sauti kinatangaza kwamba vitafunio ni vya kula, si vya kuweka. Ni muda mrefu unapita kabla Mtoaji hajamwambia alichokuwa anakiona: rangi nyekundu. Wenzake wote hawaoni rangi yoyote, wala hawajui kwamba hawaoni.

Siku nyingine anajaribu kumwonyesha Asher maua, amemshika mabega, anatamani aone japo kwa sekunde moja. Asher anaona tu kwamba rafiki yake amekuwa wa ajabu, anajitoa. Hapo nilifikiri juu ya watoto wetu wanaporudi shuleni wakiwa wamejua jambo ambalo wenzao hawajalijua: kwamba baba na mama wanaachana, kwamba dada ni mgonjwa. Wanacheza na wenzao palepale uwanjani, lakini hawapo pamoja nao tena.

Ya pili ni kigari cha kuteleza kwenye theluji. Ndiyo kumbukumbu ya kwanza anayopewa Jonas, na ni ya furaha tupu: kilima, upepo, mteremko. Baadaye anapewa kilima kilekile na kigari kilekile, safari hii kinapinduka na mguu unavunjika. Anapoomba dawa ya maumivu, Mtoaji hawezi kumpa. Furaha na maumivu vimepanda kigari kimoja, na jumuiya ile ilipoamua kuondoa maumivu ilibidi iondoe na kilima chenyewe.

Ya tatu ni kidonge. Mtoto akianza kupata hisia za balehe, hupewa kidonge kila asubuhi, naye ataendelea kukimeza hadi uzeeni. Mama yake Jonas anampa bila maelezo marefu, kama tunavyowapa wetu dawa ya minyoo.

Lakini ishara iliyonikosesha usingizi haiwezi kushikwa kwa mkono. Ni neno. Katika jumuiya ile, mzee aliyechoka, mtu aliyerudia kosa, na mtoto mchanga asiyekua vizuri, wote “huachiliwa”. Huenda Kwingineko. Hakuna anayeuliza Kwingineko ni wapi. Wazee hufanyiwa sherehe, watu wakashangilia, mzee akainama kuwaaga, kisha akapita mlangoni.

Baba mzuri kuliko wote

Baba yake Jonas analea watoto wachanga. Ni mtu mpole mno. Akimwona mtoto dhaifu, Gabriel, hapati usingizi usiku, anaomba ruhusa ya kumleta nyumbani ili amsaidie. Anacheza na binti yake mdogo, Lily. Nilimpenda tangu ukurasa wa kwanza.

Siku moja wanazaliwa mapacha wanaofanana. Sheria hairuhusu watu wawili wanaofanana, kwa hiyo baba atawapima uzito na yule mwepesi ataachiliwa. Anawaeleza watoto wake kwamba atamsafisha, atamweka vizuri, atampungia mkono. Lily anauliza kama mtu atakuja kumchukua kutoka Kwingineko. Baba anakubali.

Jonas anaonyeshwa picha iliyorekodiwa ya tukio hilo. Anamwona baba yake akimchoma sindano yule mtoto kwenye paji la uso, akiongea naye kwa sauti ileile ya kubembeleza anayoitumia nyumbani. Mtoto anatulia. Baba anamtia ndani ya boksi, analisukuma kwenye tundu la taka, anamuaga.

Mzazi mwenzangu, nilikifunga kitabu, nikaenda kuwatazama wangu walivyolala.

Hapa ndipo kitabu kinapowazidi vingine vingi. Kingeweza kutupa baba katili, tukamchukia na yakaisha. Badala yake Mtoaji anamweleza Jonas kwamba baba yake anafanya alichofundishwa na hajui kingine. Neno laini limemfunika macho yeye mwenyewe. Alidhani anawalinda watoto wake, na pengine tangu zamani hakuwahi kujiuliza anawalinda dhidi ya nini.

Vita inayobaki inapiganwa ndani ya Jonas peke yake. Siku alipopewa kazi yake alikabidhiwa karatasi ya masharti, na moja lilimruhusu kusema uongo. Ilimshtua, maana tangu utotoni alifundishwa kutumia maneno kwa usahihi. Kisha likamjia wazo baya zaidi: je, kama watu wazima wote walipewa sharti hilohilo? Hawezi kumuuliza yeyote, kwa sababu hata wakijibu, hatajua kama jibu ni la kweli. Anawapenda wazazi wake na hawaamini tena. Anaijua kweli na amekatazwa kuisema. Siku anayowauliza kama wanampenda, wanacheka na kumrekebisha kwamba neno hilo limechakaa, halina maana. Usiku huo anamwambia mtoto Gabriel, ambaye hawezi kuelewa, kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Kesho yake asubuhi anaacha kumeza kidonge.

Lowry amewahi kueleza jambo mojawapo lililomsukuma kuandika. Baba yake, akiwa mzee na kumbukumbu zikimtoka, alikuwa akitunzwa katika makao ya wazee. Siku moja alimwonyesha picha ya binti yake wa kwanza, Helen, dada yake Lowry, aliyekuwa amefariki kwa saratani miaka mingi nyuma. Alimtaja jina kwa furaha, lakini hakukumbuka nini kilimpata. Hakuwa na huzuni. Binti akabaki akiwaza juu ya baba ambaye maumivu yake makubwa yamemtoka, na raha hiyo imemgharimu nini.

‘Babu amesafiri’

Sasa nirudi jikoni kwangu.

Baba yangu alifariki kwa kiharusi binti yangu akiwa na miaka mitano. Walikuwa marafiki. Kila jioni alimsubiri kwenye kiti cha kamba nje, akimwekea karanga mfukoni. Siku ya msiba tulimpeleka mtoto kwa shangazi yake, tukamwacha huko wiki nzima mpaka watu wameondoka na turubai limeshushwa. Aliporudi akauliza Babu yuko wapi. Nikamwambia, “Babu amesafiri.”

Unalijua neno hilo. Limesemwa katika nyumba zetu nyingi, nami niliambiwa nikiwa mdogo kuhusu mdogo wangu. Halina ubaya moyoni mwa anayelisema. Nilitaka tu alale usiku ule. Nikasema nitamweleza akikua. Akauliza mara mbili tatu, kisha akaacha. Nikajiambia, watoto husahau haraka, Mungu ashukuriwe.

Jumatatu, aliporudi shule, nikamwita barazani. Nikamwambia, “Mwanangu, jana uliniuliza kitu nikacheka. Ndiyo, niliwahi kukudanganya. Babu hakusafiri. Babu alifariki.”

Alikaa kimya, akichezea ukingo wa khanga yangu. Kisha akasema, “Nilijua, Mama.”

Alijua tangu akiwa na miaka sita. Binamu yake alimwambia wakicheza, kama watoto wanavyoambiana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, “Nilivyokuwa nikiitikia, niliona unafurahi. Nikaona nisikuudhi.”

Miaka saba. Mimi nilidhani namlinda yeye, kumbe mtoto wa darasa la kwanza alikuwa ananilinda mimi. Alimlilia babu yake peke yake, mahali ambapo sikumwona, na kila nilipotaja safari ile aliitikia kwa heshima. Nilipomsoma Jonas usiku ule nilimhurumia kama mtoto wa mbali. Nilikuwa naye chumba cha pili.

Akaniuliza swali moja tu: “Babu aliogopa?”

Nikamwambia nilivyojua. Kwamba hakuweza kusema siku mbili za mwisho, lakini mkono mmoja ulikuwa na nguvu, na alinishika sana. Nadhani aliogopa kidogo. Nikamwambia pia kwamba karanga zilikutwa mfukoni mwa koti lake. Hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Tukalia wote wawili, na sitaficha kwamba baadaye nilijisikia mwepesi. Katika kitabu, kumbukumbu ambayo Mtoaji ameipitisha kwa Jonas humtoka yeye, naye hupumua. Sisi hazitutoki, lakini uzito nao hugawanyika.

Kwa kipimo, na mkono mgongoni

Sisemi mtoto aambiwe kila kitu. Tazama Mtoaji anavyofanya. Hakuanza na vita. Alianza na theluji, kisha mwanga wa jua, kisha ngozi iliyoungua kidogo na jua hilohilo. Makali yalikuja baadaye, baada ya mtoto kuonja mazuri, na muda wote mzee alikuwa palepale, viganja mgongoni. Siku moja alizidiwa na maumivu yake mwenyewe akampa Jonas kumbukumbu ya vita kabla hajawa tayari, kisha akamwomba msamaha. Kabla ya Jonas alikuwa na mwanafunzi mwingine, Rosemary, binti yake wa kumzaa. Mzigo ulimshinda baada ya wiki tano, akaomba kuachiliwa. Kwa hiyo kitabu chenyewe hakisemi kwamba kweli haiumizi. Kinasema tu kwamba mtoto asiachwe nayo peke yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kwa mtoto wa miaka mitano, “Babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na sisi tupo” inatosha. Maneno machache, ya kweli. Maswali mengine yatakuja kwa wakati wake, mengine miaka mitatu baadaye, naye atarudi kwako kwa sababu mara ya kwanza ulimjibu. Ukisema “amesafiri”, atakaa akimsubiri, au atakuogopa kila unapofunga begi. Na kama ulikwisha kudanganya kama mimi, hujachelewa. Mtafute siku ya utulivu, anza wewe, na usijitetee sana.

Kuhusu kitabu chenyewe, nchini Marekani kuna wazazi waliowahi kutaka kiondolewe shuleni, hasa kwa sababu ya lile tukio la pacha na habari za kifo. Siwacheki. Mtoto wa miaka tisa nisingempa. Wa miaka 12 na kuendelea ningempa, lakini mimi ningekisoma kwanza au tukakisoma pamoja, ili akifika kwenye boksi lile awe na mtu wa kumwendea. Kisha muulize: ungekuwa Jonas, ungetaka kujua? Nani ungemwambia? Nyamaza, usikilize jibu.

Mwisho wa kitabu Jonas anatoroka usiku kwa baiskeli ya baba yake, amempakia Gabriel ambaye alikuwa aachiliwe asubuhi. Wanafika juu ya kilima chenye theluji, na pale kinamsubiri kigari. Kama wanafika salama au la, Lowry hasemi waziwazi. Ameandika vitabu vingine vitatu vinavyoendeleza habari hizo, cha mwisho mwaka 2012, na binti yangu amekwisha nikataza nisivitafute kabla yake.

Desemba tukienda kijijini atakwenda kuliona kaburi la babu yake kwa mara ya kwanza. Ameomba tubebe karanga. Nilitaka kumuuliza za nini, kisha nikanyamaza.

Tukutane wiki ijayo.